Gololi za Udongo za Usumbura: Moto Kwanza, Nchi Baadaye

Bujumbura ina historia inayowaponza wapenda vitu vya kale. Mji ulianza kama kambi ya kijeshi ya Wajerumani, ukiitwa Usumbura, kisha Wabelgiji wakautwaa 1916 na kuushika mpaka uhuru wa 1962. Basi kila kitu chenye kutu hupewa mwenyewe papo hapo: kikiwa kizito na cha kahawia, cha Mjerumani, kikiwa chepesi na chenye rangi, cha Mbelgiji. Gololi ya udongo iliyofukuliwa kwenye msingi wa nyumba ya zamani haisalimiki na hukumu hiyo. Mtu anaigeuza kiganjani, anaona ngozi yake ya kahawia inayong'aa, na hapo hapo anaitajia taifa na mwaka.

Hukumu inaweza kuwa sahihi na sababu yake ikawa mbovu. Gololi nyingi za aina hiyo kweli zilitengenezwa Ujerumani, lakini hazikulengwa kwa makoloni ya Ujerumani. Zilipakiwa kwa magunia na makasha kwenda kuuzwa popote palipokuwa na mtoto mwenye senti. Kuokotwa kwake Bujumbura hakusemi lolote juu ya bendera iliyokuwa ikipepea siku ilipodondoka. Hapa kuna maswali matatu ambayo watu huyafunga katika furushi moja: ilifinyangwa wapi, ilifika lini, na aliyeipoteza ni nani. La tatu karibu kila mara halina jibu. Mawili ya kwanza yanalo, mradi tuanze na kile ambacho gololi inakijua kuliko vyote, yaani moto uliopita juu yake.

Udongo ukichomwa kwenye moto wa wazi, wa majani makavu na kuni, joto huwa kati ya nyuzi 600 na 900 hivi za Selsiasi. Unashika umbo wala haurudi tena kuwa tope, ila ndani unabaki umejaa vinyweleo. Hivyo ndivyo walivyochoma wafinyanzi wa Burundi, hasa Watwa, ambao kwa vizazi vingi waliwauzia majirani zao vyungu na mitungi iliyofinyangwa kwa mkono, bila gurudumu, kwa udongo wa mabondeni. Hawakuwa na tanuri la kufungwa, na tusiwahurumie kwa hilo. Chungu cha kuchemshia maharage huvumilia moto wa mafiga vizuri zaidi kikiwa na vinyweleo kuliko kikiwa kimekazana kama kioo, maana kioo hupasuka joto linapobadilika ghafla.

Pandisha joto mpaka nyuzi 1200 au 1300, tena kwa udongo unaoweza kulihimili bila kuporomoka, na jambo jingine hutokea. Sehemu ya madini yaliyomo huyeyuka, hujaza vinyweleo na kugeuka kioo kinachounganisha kila kitu. Kinachotoka tanurini hakinyonyi maji, ni kigumu, na kikigongwa hulia. Humu nitakiita udongo-jiwe. Ukitumia udongo mweupe safi wa kaolini na joto la juu zaidi unapata kauri, ile ya vikombe vya chai.

Kwa hiyo gololi ya kale ya udongo-jiwe iliyookotwa Bujumbura ni mgeni, na kulijua hilo hakuhitaji maabara. Tanuri la nyuzi 1200 halikuwapo huku. Kesi ngumu ni ya gololi laini, ile iliyochomwa kwa moto mdogo. Hiyo inaweza kuwa imetoka Thuringia ya Ujerumani, inaweza kuwa imetoka Ufaransa, na inaweza kuwa kazi ya mtoto wa mtaa wa Buyenzi aliyeitumbukiza kwenye makaa wakati mama yake haangalii.

Kutenganisha laini na ngumu ni kazi ya dakika chache. Wachimbuaji mambo ya kale hugusisha kipande kwenye ncha ya ulimi: udongo wenye vinyweleo hunyonya mate na kung'ang'ania, udongo-jiwe huteleza. Ambaye hataki kulamba kitu kilichotoka shimoni, na ana haki, aitumbukize gololi kwenye glasi ya maji. Vipovu vidogo vikipanda kwa mfululizo, ni laini. Kisha kuna ncha ya kisu. Chuma cha kisu huchora udongo laini bila shida, lakini juu ya udongo-jiwe kisu ndicho kinachoacha alama yake ya kijivu, kama penseli. Jaribio hili lifanywe mahali ambapo gololi imeshamenyeka, si katikati ya uso mzima, kwa sababu alama ya kisu haifutiki.

Mizani husaidia kuliko watu wanavyodhani, na mjini mizani ya sonara haikosekani. Chukua gololi yenye kipenyo cha milimita 16, ambacho ni kipimo cha kawaida. Ujazo wake ni zaidi kidogo ya sentimita 2 za ujazo. Ikiwa ni ya udongo laini itakuwa na gramu 4 hivi. Ya udongo-jiwe itakaribia 5. Ya kioo au ya jiwe la akiki itazidi 5. Na ya chuma, ile inayotolewa kwenye beringi ya gari, itafika karibu 17. Tofauti kati ya 4 na 5 mkono hauijui, hasa gololi ikiwa imepakwa rangi nzito inayoficha mwili wake. Mizani inaijua. Sharti ni kukausha gololi kwanza kwa siku kadhaa, maana ile laini iliyokaa kwenye udongo wa mvua hubeba maji yanayoweza kuisukuma juu mpaka ifanane na nyingine.

Tukishajua ni ngumu, tutazame ngozi yake. Gololi za udongo-jiwe zilizopendwa zaidi zina ganda la kioo la kahawia, la buluu, au mchanganyiko wa rangi hizo mbili na kijani. Kahawia hutokana na manganizi na chuma, buluu na kobalti. Zungusha mojawapo taratibu chini ya mwanga na utaona vidoa vya duara visivyo na kioo, viwili, vitatu au zaidi, vikavu kama ngozi ya goti. Wakusanyaji huviita macho. Si pambo wala si uchakavu. Mwenye tanuri hakuwa na muda wa kuitafutia kila gololi kiti chake, alizijaza zikalaliana, na pale zilipogusana kioo hakikupita au kilibanduka zilipotenganishwa. Macho hayo ni ushahidi wa kazi ya wingi na ya bei rahisi, na ni mojawapo ya alama chache ambazo mtengenezaji wa nakala za siku hizi huzisahau, kwa kuwa yeye huchoma chache na kwa uangalifu.

Nyingine zina ngozi yenye vinundu vidogo vidogo, mithili ya ganda la chungwa. Hiyo ni kazi ya chumvi. Wafinyanzi wa bonde la mto Rhine walijua tangu zama za kati kwamba ukitupa chumvi ya kawaida ndani ya tanuri joto likiwa kileleni, chumvi hugeuka mvuke, sodiamu yake hushikana na silika iliyo katika udongo, na kila kilichomo tanurini huvikwa kioo chembamba. Wilaya ya Westerwald ilijengea jina lake juu ya ufundi huo: mitungi ya kijivu yenye maua ya buluu, pamoja na chupa za udongo-jiwe zilizobeba maji ya chemchemi kwenda nchi za mbali. Anayetaka kulizoesha jicho lake ngozi ya chumvi aanze na chupa kama hizo kwenye makumbusho. Ni kubwa, zina mihuri, na asili yake haina ubishi. Gololi ni ndogo mno kumfundisha mwanafunzi wa kwanza.

Hapa ndipo majina ya sokoni yanapoharibu kazi. Gololi za kahawia na buluu zenye macho huuzwa duniani kote kwa jina la Bennington, mji mdogo wa Vermont, Marekani. Mji huo ulikuwa na wafinyanzi mashuhuri kweli. Familia ya Norton ilianza kufinyanga huko mwaka 1793, na Christopher Webber Fenton alisajili mwaka 1849 hataza ya ganda la kioo lenye mabaka ya rangi. Wakusanyaji wa baadaye waliona gololi zina rangi zinazofanana na vyombo vya Fenton, wakazipa jina la mji wake. Ushahidi kwamba viwanda vya Bennington vilifanya biashara ya kutengeneza gololi haujapatikana, na zilizo nyingi zilitoka Ujerumani. Jina limebaki kwa sababu wauzaji wanalipenda. Mtu akikuambia gololi yake ni Bennington, amekutajia sura yake. Asili yake bado hajaitaja.

Za kauri zina fumbo dogo zaidi. Zilipakwa rangi kwa mkono: mistari myembamba inayopishana, duara ndani ya duara, mara chache ua au jani. Ni kazi ya Ujerumani ya kati ya miaka ya 1840 na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na aliyeshika brashi alikuwa akilipwa kwa wingi wa kazi, jambo linaloonekana wazi pale mstari unapokosa kukutana na mwanzo wake.

Sasa zile laini, ambazo ndizo nyingi na ndizo zisizopewa heshima. Zilifinyangwa kwa mkono au kwa vifaa rahisi, zikachomwa, kisha zikatiwa rangi nyekundu, buluu, kijani au njano, au zikaachwa na rangi yake ya udongo. Kwa kuwa rangi ilikuja baada ya moto, inakwanguka. Gololi iliyochezewa kweli hubaki na rangi mashimoni tu, na upara kwingineko. Kitovu cha viwanda vya Ujerumani kilikuwa Thuringia na majirani zake, kuzunguka Sonneberg, mji uliotengeneza vitu vya kuchezea kwa ajili ya nusu ya dunia. Jirani yake, Lauscha, ndiko mikasi ya kukatia gololi za kioo ilikobuniwa miaka ya 1840. Kusini zaidi, chini ya mlima Untersberg karibu na Salzburg, vinu vya maji vilisaga gololi za marumaru, na kimoja kilichopo Marktschellenberg kinafanya kazi tangu 1683. Ng'ambo ya Atlantiki, Samuel C. Dyke alianza mwaka 1884 mjini Akron, Ohio, kutengeneza gololi za udongo kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana, akazishusha bei mpaka mtoto maskini akaweza kujaza mfuko. Soko lake kuu lilikuwa watoto wa Marekani kwenyewe.

Karibu zote hazina jina. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyopewa jina la McKinley, iliagiza bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, nayo Uingereza ilikuwa imepitisha sheria yake kuhusu alama za bidhaa mwaka 1887. Lakini gololi haiandikiki. Lililoandikwa ni sanduku au karatasi ya nje, na sanduku ndilo la kwanza kutupwa. Anayetafuta muhuri juu ya gololi ya udongo anatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwapo, na akikipata ashuku.

Mwili na ngozi vikishasema yao, huwa tumefika mahali kama "udongo-jiwe, yamkini Ujerumani, nusu ya pili ya karne ya 19 au mwanzo wa 20". Kwa Bujumbura kuna shahidi mwingine ambaye vitabu vya wakusanyaji wa Ulaya havina haja naye: njia.

Kabla ya reli, mzigo wa kwenda Ziwa Tanganyika ulitoka Bagamoyo kichwani kwa mpagazi, ukapita Tabora mpaka Ujiji, safari ya miezi mitatu au zaidi. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi. Kwa gololi za gramu 4, hizo ni gololi 7,500, na ukizifikisha unauza nini? Kitu ambacho mtoto yeyote anaweza kukifinyanga kwa tope la mto Rusizi bure. Mfanyabiashara aliyekuwa na akili zake alijaza mzigo huo nguo, ushanga na waya, ambavyo kila kilo yake ilikuwa na thamani sokoni. Wamisionari walioanzisha vituo vya Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899 nao walihesabu kila kilo. Gololi chache zingeweza kuja ndani ya sanduku la mtu binafsi. Shehena ya dukani, kwa hesabu hii, haiwezekani.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma Februari 1914, kilomita zaidi ya 1,200 kutoka pwani, na tangu hapo kitu kizito cha bei ndogo kiliweza kuingia melini na kushuka Usumbura. Miezi sita baadaye vita vikaanza, na usafirishaji wa bidhaa za Ujerumani ukabanwa baharini. Kwa hiyo kipindi ambacho gololi ya Kijerumani ingeweza kuletwa Usumbura ya Kijerumani kama bidhaa ya dukani hakifiki hata mwaka mmoja. Haya ndiyo mahesabu yanayonifanya niitilie shaka ile hukumu ya haraka. Gololi ikiwa ya kazi ya Ujerumani, uwezekano mkubwa ni kwamba iliingia wakati wa Wabelgiji, ambao kwa mkataba wa 1921 na Waingereza walipata maeneo yao ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, na ambao kwa upande wa Kongo walikuwa na reli ya kufika Albertville, Kalemie ya leo, tangu 1915. Ililetwa ikiwa imeshazeeka, au ilikuwa masalio ya ghala, au mtoto wa afisa aliirithi kwa babu yake.

Tena zile laini za rangi zilidumu muda mrefu kuliko wakusanyaji wa Marekani wanavyoandika. Kwao hadithi huisha pale Martin Frederick Christensen wa Akron alipopata hataza ya mashine ya kuviringisha gololi za kioo mwaka 1905. Ufaransa watoto waliendelea kununua gololi za udongo za rangi hata baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Gololi ya udongo iliyookotwa Bujumbura, yenye rangi nzuri bado, inaweza kabisa kuwa ya miaka ya 1950, na hapo hata neno "kale" lina mjadala.

Kabla ya yote hayo lakini, hakikisha ni gololi. Vitu vya duara ni vingi kuliko watoto. Vinu vya kusagia madini na rangi hutumia mipira ya kauri, myeupe, isiyo na pambo, iliyo sawasawa kupita kiasi. Gololi ya mkono huwa na upande uliobonyea kidogo, haitulii inapoviringishwa kwenye kioo cha meza. Tope lililokaushwa kwa ajili ya manati hulainika likikaa ndani ya maji usiku kucha. Komwe, zile mbegu za kijivu zinazochezewa bao pwani, zimewahi kumdanganya zaidi ya mtu mmoja kwa ugumu na mng'ao wake, ila ni nyepesi mno. Na kipo kioo cha kijani kibichi kilichotoka kwenye shingo ya chupa ya soda ya aina aliyoisajili Mwingereza Hiram Codd mwaka 1872, ambayo ilizibwa kwa gololi ndani yake na inaendelea kutumika India hadi leo. Watoto walizivunja chupa hizo ili kuipata, kwa hasara ya mwenye kiwanda.

Maabara ipo kwa wanaoweza kuilipia. Miale ya eksirei husoma elementi zilizomo kwenye udongo bila kuukata, na kipande chembamba kilichosuguliwa mpaka mwanga ukapita huonyesha chembe za madini kwa hadubini. Njia hizi zina nguvu katika swali moja hasa: je, gololi hii laini ni ya hapa? Udongo wa mabonde ya Burundi umetokana na miamba ya kale ya itale, kwazaiti na shisti, na unaweza kulinganishwa na vipande vya vyungu ambavyo asili yake haina shaka. Lakini kuitenganisha karakana moja ya Thuringia na jirani yake, wote wakichimba bonde moja, ni kazi ambayo mashine huifanya kwa shida, na tu ikiwa mtu ameshapima mabaki ya karakana zote mbili.

Kilicho rahisi zaidi, na kinachopuuzwa zaidi, ni kuuliza gololi ilikuwa imelala na nini. Wajerumani walianza kutoa sarafu za heller kwa ajili ya Afrika Mashariki mwaka 1904, na mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa, walipiga Tabora sarafu za heller 20 kwa malighafi waliyoipata. Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na senti zake zenye tundu katikati. Ikiwa sarafu ya Tabora imelala chini ya gololi, katika tabaka ambalo halijawahi kuchimbuliwa, basi gololi ilifika hapo 1916 au baadaye, hata kama ilichomwa miaka 30 kabla. Fundi anayechimba msingi na kuzitia sarafu mfuko wa kushoto na gololi mfuko wa kulia ameshavunja ushahidi huo, wala maabara ya Brussels haitaurudisha.

Ndiyo maana kibandiko cha gololi ya kahawia yenye macho kinapaswa kuwa na tarehe mbili. Mstari wa kwanza: udongo-jiwe, milimita 16, gramu 4.9, macho matatu, yamkini Ujerumani, kati ya 1870 na 1914. Mstari wa pili: Bujumbura, kina cha sentimita kadhaa, pamoja na kifungo na senti ya Kongo, ilipotea baada ya mwaka ulioandikwa kwenye senti hiyo. Neno Bennington, likilazimika kuwapo, liwekwe mwishoni, ndani ya alama za kunukuu.